Kilichopitia Mkono wa Bi Pasi

Bi Pasi alikuwa hakai. Ukimpa kiti atakalia ukingoni kama mtu anayesubiri kuitwa jina, na kabla hujamaliza salamu yuko mlangoni anajipepea kwa kipande cha kadibodi. Ukigeuka yuko kwenye sinki, ukigeuka tena amerudi mezani, kasimama katikati ya mashuka, hakumbuki alifuata nini huko nyuma. Wateja walikuwa wamemzoea. Walisema dobi yule ana siafu kwenye viatu.

Jina lake alipewa na mtaa kwa sababu mbili zinazojulikana. Kwanza, kupiga pasi ndiyo kazi yake, duka la chumba kimoja lenye meza ndefu iliyotandikwa blanketi, pasi mbili, kamba za hanga na dirisha lisilofunguka lote. Pili, hasira zake zilikuwa hazingojwi, ziliwaka papo hapo kama pasi. Lakini moyo wake ulikuwa mweupe, nao mtaa ulilijua hilo pia, ndiyo maana hakuna aliyempelekea nguo zake kwingine.

Kutotulia huku hakukuwa kwa kuzaliwa. Mwaka mmoja nyuma alitolewa kizazi kwa sababu ya uvimbe, pamoja na ovari zote mbili, akiwa hata hamsini hajafika. Wanawake wenzake huingia ukomo wa hedhi polepole, mguu huu ndani mguu huu nje. Yeye alisukumwa. Alizinduka kwenye dawa ya usingizi akiwa na mwili wa mtu mwingine, mwili unaowaka ghafla kuanzia kifuani hadi masikioni, unaolowa jasho palepale na kuanza kutetemeka kwa baridi. Usingizi ukamkimbia. Sasa mtu wa namna hiyo mpe chumba chenye mvuke na pasi mbili za moto, halafu umshangae kwa nini hakai.

Daktari wa wanawake alimhurumia. Akamwandikia estrojeni, ile homoni ambayo ovari zilikuwa zikimtengenezea bure miaka yote. Hakumpa vidonge, kwa kuwa Bi Pasi alikuwa na mawe kwenye nyongo. Alimpa jeli kwenye chupa ya kubonyeza. Paka mkononi asubuhi, akamwambia, kuanzia kiwiko kwenda begani, iache ikauke, nawa viganja, kisha funika kwa nguo.

Jeli ilifanya kazi. Moto ulipungua, usingizi ukaanza kurudi, na Bi Pasi akasikika tena akiimba wakati wa kunyunyizia maji mashati. Ila hakumwambia mtu. Angesema nini? Bibi mzima anapaka dawa ya kike? Aliona haya. Mkwe wake, yaani mke wa mwanawe, alipoiona chupa rafuni dukani akauliza ni ya nini, Bi Pasi akajibu bila kupepesa macho kwamba ni dawa ya viungo.

Hapo kwenye kufunika ndipo udobi ulipomponza. Dobi ana sheria moja isiyovunjwa: kitu chochote cha kupaka kisikaribie nguo ya mteja. Bi Pasi hakupaka hata mafuta ya mikono akiwa kazini. Aliwaza kwamba akishusha mkono wa blauzi juu ya ile jeli, kitambaa kitainywa, na akiinama kunyoosha mashuka meupe ya nyumba ya wageni, ndiye huyo anayaburuzia dawa. Doa la namna hiyo hulioni leo. Unaliona likishapita pasi, la manjano, na mteja kakusimamia. Kwa hiyo alikunja blauzi hadi begani na kuuacha mkono wa kushoto wazi mpaka mchana. Mashuka yalikuwa salama kabisa.

Na kila asubuhi, mkono huohuo wa kushoto ulimpokea Chiriku.

Chiriku alikuwa mjukuu wake, msichana wa miaka minne, na jina hilo alilipata kwa domo lake. Alikuwa akiuliza swali la pili kabla hujajibu la kwanza. Kwa nini shati lina mikono lakini halishiki? Pasi ikilala huota nini? Baba yake alikuwa dereva wa malori ya masafa, leo yuko huku kesho yuko kule. Mama yake alikuwa mpokea simu kwenye kampuni ya usafirishaji, na asubuhi alimwacha mtoto kwa dobi akiwa bado na usingizi machoni. Bi Pasi alimbeba kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukifanya kazi, na mtoto akalala hapo, shavu na kifua vimeshikana na ngozi ya bibi yake, mpaka jua lilipofika dirishani. Katika siku nzima Bi Pasi alitulia saa hiyo tu.

Mama mtu ndiye aliyegundua, akimwogesha. Chini ya chuchu moja palikuwa na kitu kigumu, kama punje. Akagusa upande wa pili, akakikuta kingine. Baada ya wiki kadhaa hapakuwa na haja ya kugusa. Mtoto wa miaka minne alikuwa anaota matiti.

Nyumba haikukalika. Kila aliyesikia alikuwa na mshitakiwa wake. Wengine walisema ni kuku wa kukuzwa haraka haraka, wengine maziwa ya pakiti. Bi Pasi, aliyekuwa na roho juu kuliko wote, alitafuta pa kuishushia akapapata.

“Ni hizo losheni zako,” alimwambia mkwe wake. “Unajipaka makorokoro yasiyojulikana yametoka wapi, halafu unamkumbatia mtoto. Ulitegemea nini?”

Mkwe aliinuka. Aliingia msalani na chupa zake zote, za sikukuu na za kila siku, akazimimina moja baada ya nyingine, akavuta maji. Bi Pasi alisimama mlangoni akimtazama hadi mwisho, mikono kiunoni, akiona kwamba hapo ameokoa jahazi.

Wiki mbili zikapita, matiti hayakurudi nyuma. Mkwe akaomba ruhusa kazini, akampeleka mtoto kwa daktari wa watoto. Walirudi dukani alasiri. Chiriku alikuwa na plasta mkononi walipomtoa damu, na mama yake alikuwa na uso wa mtu aliyelia akanawa.

“Wanasema homoni zimepanda,” alisema mkwe. “Lakini hawajui zinatoka wapi. Huenda ni kichwani, kuna kitezi huko kinaweza kuwa na uvimbe. Keshokutwa wanamlaza kwa dawa, wampige picha ya kichwa.”

“Wamlaze? Mtoto huyu?”

“Ndiyo, Mama, kwa sababu hatatulia ndani ya mashine.” Mkwe alijaribu kucheka. “Na waliniuliza mambo mengine mpaka nikaona haya. Kuna mtu nyumbani anatumia vidonge vya uzazi? Kuna mtu anapaka jeli ya homoni? Nikawaambia hakuna. Mimi situmii, na mwanamke mwingine anayekaa na mtoto ni mama mkwe, sasa yule homoni azifanyie nini?”

Pasi ilikuwa imelala juu ya foronya. Bi Pasi aliinyanyua kabla haijaunguza, akaipitisha tena mahali palepale, halafu tena. Alitaka kusema. Kinywa kilifunguka kabisa. Kilichotoka ni, “Mmekula?”

Wakaondoka. Akabaki na foronya iliyonyooka kuliko foronya yoyote duniani. Haiwezekani, alijiambia. Dawa inakauka, yeye mwenyewe huigusa kwa kidole na kuiona imekauka. Dawa yangu nimepaka mimi, mkono ni wangu, mtoto amelala tu. Akatoka mlangoni, akarudi. Akaanza kukunja taulo, akaliacha. Mwisho alichomoa pasi zote mbili kwenye umeme, akafunga duka mchana kweupe, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu alipofiwa na mumewe.

Mfamasia aliyemuuzia jeli alikuwa mwanamke kijana anayevaa miwani kichwani na kuitafuta kaunta nzima. Bi Pasi alisubiri mteja wa mwisho atoke.

“Dada, nina swali. Si langu lakini, ni la jirani yangu.”

“Jirani yako huyo naye ametolewa kizazi?” aliuliza mfamasia taratibu. “Kaa, mama. Sema.”

Hakukaa. Alisema akiwa amesimama, akihamisha uzito mguu huu na mguu ule: jeli, blauzi iliyokunjwa, mtoto, matiti. Kadiri alivyosema ndivyo uso wa mfamasia ulivyozidi kutulia, na utulivu ule ulimtisha kuliko kelele.

“Lakini inakauka,” alimalizia Bi Pasi. “Si inakauka?”

“Inayokauka ni spiriti yake, mama. Dawa yenyewe inabaki ndani ya ngozi na inaingia polepole kutwa nzima. Ungemeza kidonge, kingepitia tumboni kwenda kwenye ini kwanza. Ini linakisaga, sehemu kubwa inaishia hapohapo kabla haijafika kwingine. Ndiyo maana vidonge vinawekwa dawa nyingi. Wewe ulipewa ya ngozi ili usilibebeshe ini na nyongo mzigo huo. Kwenye ngozi hakuna wa kuizuia, inakwenda kwenye damu moja kwa moja. Na mtoto akilalia hapo, naye hana wa kumzuilia.”

“Basi na yeye ini analo.”

“Analo, na linafanya kazi. Lakini kila asubuhi analetewa mzigo mpya. Na mwili wa mtoto wa miaka minne haujazoea homoni hii hata tone. Kwake kidogo ni kingi.”

Bi Pasi alishika ukingo wa kaunta. “Itamtoka?”

“Itamtoka. Estrojeni ina asili ya mafuta, maji peke yake hayaitoi. Ini linaibadilisha umbo kwanza, kisha linaifungia kitu kinachoifanya ikubali kuyeyuka kwenye maji. Ikishakubali, figo zinaitoa kwa mkojo.”

“Kama sabuni na doa la mafuta.”

“Hivyohivyo. Nyingine inashuka na nyongo hadi utumboni. Huko kuna vijidudu vinavyoweza kulifungua fundo lililofungwa na ini, na homoni ikarudi kwenye damu.”

“Inarudi?” Bi Pasi alipaza sauti, mpita njia akageuka.

“Baadhi tu, mama. Inarudi, ini linaifunga upya, inazunguka hivyo mpaka inaisha. Muhimu isiletwe nyingine. Lakini daktari wa mtoto lazima ajue, na ajue leo. Anamtafutia ugonjwa kichwani.”

Alirudi dukani karibu anakimbia. Aliunawa mkono kwa sabuni ya vipande, ile ya kola zilizoshindikana, mpaka ukawa mwekundu. Kisha akauzungushia taulo na kulifunga kwa pini. Alifika nyumbani kwa mwanawe. Chiriku alimrukia mlangoni, naye akarudi nyuma kana kwamba mtoto ana moto.

“Bibi, umeumwa na mbwa? Mbwa gani? Alikuwa na njaa?”

“Nenda kacheze huko.”

Mkwe alikuwa anapanga nguo za mtoto za kwenda nazo hospitali. Bi Pasi alimsifia mapazia. Akauliza baba mtoto amefika wapi na lori lake. Akasogeza kiti, akakirudisha. Alijua kabisa kilichokuwa kwenye mizani: upande mmoja kitanda cha hospitali chenye magurudumu, na mtoto juu yake akiwekewa barakoa ya dawa, kwa sababu bibi yake aliona haya. Upande wa pili alikuwa mkwe, ambaye akijua angeweza kumchukua mtoto wake na asimrudishe tena dukani, na nani angemlaumu? Alijikaza kisabuni.

“Ile dawa ya viungo,” alisema, “si ya viungo.”

Mkwe aliendelea kukunja nguo, halafu akaacha.

Bi Pasi akamwaga yote kwa mkupuo, hata yale yasiyohitajika. Alisema kuhusu mashuka ya nyumba ya wageni, doa la manjano, spiriti, ini. Alipoishiwa na maneno wakamsikia Chiriku chumba cha pili akimhoji mwanasesere wake.

“Losheni zangu nilizimwaga chooni, Mama,” alisema mkwe. Sauti yake ilikuwa ya chini sana. “Ulisimama mlangoni ukinitazama. Na leo mbele ya daktari nimekuapia. Nimesema kwetu hakuna.”

“Nisamehe, mwanangu.”

“Usiniambie chochote sasa. Niache nimpigie daktari.”

Picha ya kichwa ikasitishwa. Daktari wa watoto, mwanamume mwenye sauti ya kubembeleza, alisema wangesubiri na kupima damu tena baada ya wiki kadhaa. Kama chanzo ni ile jeli, homoni zingeshuka na matiti yangenywea yenyewe. Kama hayakunywea, wangerudi kwenye picha. Bi Pasi alimwuliza kama maji mengi yangesaidia. Daktari akasema maji ni mazuri tu, mtoto anywe akisikia kiu.

Bi Pasi alisikia neno maji, mengine yakampita. Kila akienda kumwona mjukuu alifika na chupa. Kunywa kidogo tena, mwanangu. Haya, la mwisho. Haya, la mwisho kweli. Mtoto alikwenda haja ndogo mpaka akachoka, na bibi yake alisimama nje ya mlango wa msala akisikiliza, kila mchuruziko ukimtuliza kidogo. Chiriku alipoanza kutapika maji mkwe alimpigia daktari, na daktari akaomba kuongea na bibi mwenyewe. “Mama,” alimwambia, “ini halina haraka yako. Liache lifanye kazi.”

Jeli aliitupa siku ileile. Daktari wake alimwambia si lazima ateseke, vipo viraka vya kubandika kiunoni chini ya nguo, vyenye homoni ileile, ambavyo havimpaki mtu mwingine. Hakutaka hata kusikia. Aliapa kwamba mwilini mwake haitaingia homoni tena maadamu mtoto yule yuko hai. Aliona anastahili kuungua, akaungua.

Moto ulirudi na ndugu zake wote. Jasho, baridi, mifupa kuuma, usingizi wa kudokoa dokoa. Alitembea chumbani mwake, alitembea dukani, alitembea hata alipokuwa amekaa, magoti yakichezacheza chini ya meza. Aliwafokea wateja, akaunguza koti la sare ya muuguzi. Lakini damu ya pili ilikuja na habari njema, na ya tatu ikaja nzuri zaidi. Punje zile zililainika, zikapotea. Siku mkwe alipomwambia kifua kiko bapa, Bi Pasi alijifungia nyuma kwenye sinki akalia kwa sauti, bomba likiwa wazi ili asisikike.

Mkwe alimrudisha mtoto dukani. Hakuna aliyemlazimisha. Alimleta tu asubuhi moja, akamketisha kwenye benchi, akaenda kazini.

Furaha hiyo haikudumu. Bi Pasi alikuwa na mjukuu wake, lakini hakuwa na subira hata ya kujaza kisoda. Chiriku akiuliza, anakatwa. Akigusa hanga, anafokewa. Mara moja aliuliza kwa nini mvuke hauna miguu lakini unapanda, na wakati huo moto ulikuwa umempanda bibi yake hadi utosini. “Nyamaza!” Bi Pasi alipiga kelele, na pasi akaigonga mezani kwa nguvu hadi plagi ikachomoka. “Unyamaze! Huna la kufanya ila kuongea?”

Mtoto alinyamaza. Kesho yake pia alinyamaza. Wiki nzima alikaa kwenye benchi akichezea vishikizo, na alipotaka kitu aliusogelea mguu wa meza na kusema kwa kunong’ona. Nyumbani nako akaanza kunong’ona.

Mkwe alikuja kabla ya muda wa kutoka kazini, na pakiti ya duka la dawa mkononi. Aliiweka mezani juu ya shati la mtu, jambo ambalo kwa Bi Pasi ni dhambi, naye Bi Pasi akalitoa shati chini yake kwanza ndipo akaisoma: viraka.

“Sitaki,” alisema. “Nimeapa.”

“Uliapa kwa ajili ya nani, Mama?”

“Kwa ajili ya mtoto. Unajua vizuri.”

“Mtoto kifua chake kimerudi,” alisema mkwe. “Sasa nakuomba umrudishie bibi yake.”

Bi Pasi alimtazama. Akaangalia kwenye benchi. Chiriku alikuwa amejikunja pembeni, ameinua mabega, kama watoto wanavyofanya watu wazima wakianza kupandisha sauti.

Akageuza mgongo, akapandisha blauzi kiunoni.

Mkwe alipafuta jasho kwa kitambaa kikavu, akasubiri ngozi ikauke sawasawa, akabandua karatasi ya nyuma na kukibandika kiraka. Akakigandamiza kwa kiganja ili kishike. Kiganja kilikaa pale zaidi ya ilivyohitajika.

Chiriku alikuwa ameshuka kwenye benchi. Alikuja hadi kwenye mguu wa meza, akashika ukingo, akanong’ona kitu.

Bi Pasi alishusha blauzi na kuchuchumaa mbele yake.

“Uliza kwa sauti, mjukuu wangu,” alisema. “Bibi hasikii.”